Ng'ombe Ndani ya Bahasha

Ng'ombe wa mahari hapa Bujumbura hawatifui vumbi. Hufika wamelala ndani ya bahasha, na bahasha yenyewe hukaa katika mfuko wa ndani wa koti la mjomba mmoja ambaye hafungui kinywa tangu shughuli ianze hadi iishe. Anayesema ni mimi, au mtu wa namna yangu. Nilifundisha shule ya msingi miaka mingi, nikastaafu, na kwa kuwa baba yangu alikuwa Mmanyema wa Buyenzi na mama yangu Mrundi wa Muramvya, nilikulia ndani ya lugha mbili. Watu wakaona nafaa kusimama mbele ya wakwe. Kwa Waislamu wenzangu wa Buyenzi mimi ni mshenga. Nikiitwa Ngagara au Musaga kwa watu wa Kirundi kitupu nakuwa msemaji wa ukoo. Kazi ni ile ile: kumwomba binti wa watu kwa maneno matamu na kuhakikisha hakuna anayerudi kwao amenuna.

Nimeifanya muda wa kutosha kujua inapovuja. Familia zetu ni hodari wa kusema. Tunaahidi mbele ya ukumbi mzima, tunampokea mtoto wa marehemu kabla matanga hayajaanuliwa, tunakabidhiana akiba kwa kuaminiana tu. Kuandika ndiko tunakokuonea haya, kana kwamba kalamu ni tusi. Siku ya ugomvi ikifika kila mtu anaitafuta karatasi, na siku hiyo hakuna tena anayekubali kutia sahihi.

Shughuli ya kuomba mchumba, ambayo Warundi huiita gusaba, ina utamu wake na sitaki kuidharau. Pande mbili hukaa zikitazamana chini ya turubai la kukodi. Msemaji wa upande wa binti hujifanya hajui wageni wametokea wapi. Mmepotea njia? Mmekimbia mvua? Mmekuja kudai deni? Nami nazunguka: nasema tumesikia nyumba hii ina maziwa, na sisi ni watu tunaojua kukishika kibuyu. Watu wanacheka, chupa zinafunguliwa. Kwetu Buyenzi ni Fanta, kwingine Primus na Amstel, ingawa miaka hii ya uhaba kupata kreti za kutosha ni kazi ya kamati nzima. Wageni nao huweza kufika kwa miguu, kwa sababu gari la shangazi limelala kwenye foleni ya mafuta tangu juzi.

Kisha linakuja swali la ng'ombe. "Mmewaacha wapi?" Najibu kwamba wako njiani, wanakuja polepole kwa kuwa mmoja ana mimba. Hapo mjomba wangu wa koti anainuka, anaingia chumbani na mjomba wa upande wa pili, na wakitoka wote wawili wakiwa wanatabasamu, tumemaliza. Zamani ng'ombe alikuwa ng'ombe kweli, na asiye na ng'ombe alipeleka majembe. Leo idadi ya ng'ombe hutangazwa kwa sauti, lakini thamani ya kila mmoja huijua watu wawili tu, waliokwisha kuikata wiki kadhaa nyuma katika kikao cha kunong'ona. Tunachokifanya mbele ya wageni ni mchezo wa kuigiza, na nausema hivyo nikiwa mmoja wa waigizaji.

Mwaka 2023 nilimsemea kijana mmoja fundi wa magari wa hapa mtaani. Aprili tulikubaliana ng'ombe wanne kwa faranga. Kabla ya siku yenyewe, mwezi Mei, Benki ya Jamhuri ya Burundi ikashusha thamani ya faranga. Dola iliyokuwa karibu faranga 2,080 kwa bei rasmi ikapita 2,800. Ami wa binti akanipigia simu usiku.

"Mwalimu, wale ng'ombe wamenenepa."

Nikamwambia ng'ombe wetu hawali dola. Akanijibu kwamba kitanda, godoro na vitenge vya binti yake vinakula. Hakuwa amekosea, kwa hiyo tulikutana tena, tukaongeza "ndama" mmoja, na siku ya shughuli nililazimika kueleza mbele ya watu ndama huyo alizaliwa lini. Nikasema jana usiku. Wageni walipiga makofi wakidhani ni ufundi wa maneno.

Kwa Waislamu bahasha huwa mbili, na kuzichanganya ni chanzo cha shida nyingi. Ile ya ng'ombe, inkwano, ni ya desturi ya nchi: inakwenda kwa ukoo wa baba wa binti. Mahari ya ndoa ya msikitini ni haki ya bibi arusi mwenyewe, si ya baba wala ya ami. Nimewaona wazee wakipokea zote mbili kwa mkono mmoja na binti asiulizwe kitu. Siku hizi, nikiwa upande wa bwana arusi, ya pili naomba ikabidhiwe mbele ya mama mzazi na itajwe kiasi chake. Si kila ami hufurahi.

Baada ya hapo mtu anaweza kudhani ameoa. Wazee wamekula, sheikh ameozesha, picha zimepigwa kando ya ziwa. Lakini kwa sheria za Burundi bado hajaoa. Kanuni ya Watu na Familia ya tarehe 28 Aprili 1993 inatambua ndoa moja tu, ile inayofungwa komine mbele ya msajili, mwanamume akiwa ametimiza miaka 21 na mwanamke 18, wakishika bendera ya taifa na kuapa. Msajili haulizi ng'ombe. Anauliza karangamuntu na vyeti. Sheria hiyo hiyo haimtambui mke wa pili, na hapa Buyenzi neno hili halipiti kirahisi, maana wako wanaume wenye nyumba mbili zenye baraka za msikiti na jirani wote wanajua. Nyumba ya kwanza ina karatasi, ya pili ina heshima ya mtaa tu. Baba akiwa hai tofauti haionekani.

Wengi wetu tuliiahirisha komine hadi mwaka 2017, serikali ya hayati Rais Pierre Nkurunziza ilipotangaza kwamba wote wanaoishi pamoja bila ndoa halali wawe wamejiandikisha kabla ya mwaka kwisha. Nilisimama shahidi kwa watu ambao wajukuu wao niliwahi kuwafundisha kusoma. Bibi mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama kuapa leo maana yake ni kwamba huko nyuma alikuwa akizini. Nilimwambia bendera haihesabu kurudi nyuma. Sikuipenda amri ile. Mambo ya chumbani kupangiwa tarehe na wakubwa yanachusha, na wanawake wa nyumba za pili hawakupata chochote isipokuwa aibu. Hata hivyo, wajane kadhaa ninaowajua hawasumbuliwi leo na mashemeji zao kwa sababu ya saini ya miezi ile, na siwezi kujifanya sikuliona hilo.

Sheria humtaja mume kuwa kiongozi wa kaya. Katika uongozi wangu, asubuhi natoa pesa ya soko, jioni naulizwa kwa nini haikutosha. Kwa kumbukumbu tu: kima cha chini cha mshahara kilichowekwa mwaka 1988 kilikuwa faranga 160 kwa siku kwa mtu wa mjini, na kwa miongo kadhaa hakikuguswa. Kiasi hicho leo hakinunui hata andazi. Na pesa hiyo ya soko inatakiwa kununua mkaa, unga wa muhogo, maharage, mafuta ya mawese, fungu la lengalenga, na ndagala kama bei imeshuka. Mwaka 2024, Tanzania ilipofunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, dagaa wa Kigoma walitoweka na mboga yetu ikawa majani mpaka watoto wakalalamika. Pensheni ya mwalimu hufika tarehe kumi ikiwa imechoka. Kinachoifikisha nyumba mwisho wa mwezi ni ikirimba cha mke wangu.

Ikirimba ni ule mchezo ambao Tanzania wanauita upatu na Kenya chama. Wanawake wa mtaa mmoja huchanga kila Jumapili baada ya alasiri uani kwetu. Sehemu ya mchango humwendea mmoja wao kwa zamu, na sehemu hubaki katika sanduku la kukopeshana na la misiba. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na hakuna anayeweza kulifungua peke yake. Utaratibu huo waliuiga kutoka kwa jamaa zao wa vijijini waliofundishwa na vikundi vya Nawe Nuze vya shirika la CARE. Mimi, kiongozi wa kaya, huruhusiwa kuleta viti na kuondoka.

Mwezi Juni 2023 nilibaki. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti za faranga 5,000 na 10,000 zilizotolewa mwaka 2018 zinaondolewa, na watu wana siku kumi kuzipeleka benki. Tangazo lilipotoka, wanawake walikuja bila kuitwa. Mmoja mikono yake ilikuwa bado na unga wa mandazi. Kufuli zilifunguliwa, sanduku likamwagwa juu ya mkeka, wakaanza kutenga: elfu kumi huku, elfu tano huku, ndogondogo kule. Noti nyingine zilikuwa zimekunjwa mara nne, zina harufu ya samaki, moja ilikuwa na namba ya simu imeandikwa kwa kalamu. Walipozijumlisha, zile kubwa zilikuwa karibu akiba yote.

Sasa nani azipeleke? Mwenye akaunti benki alikuwa mmoja tu, muuza vitenge wa soko la Ruvumera, mwanamke mnyoofu ambaye hakuna aliyemshuku. Mke wangu ndiye aliyeuliza kilichokuwa kinywani mwa wote: "Dada, pesa hii ikiingia kwenye jina lako, kesho ukifa, sisi ni nani?"

Kimya. Yule dada alishika kiuno, nikadhani ametukanwa na ataondoka. Kumbe alikuwa anafikiri. Akasema, "Mwalimu yupo. Aandike."

Nikaandika kwenye karatasi ya daftari la shule: tarehe, jumla, jina la kila mmoja na kiasi chake, na kwamba fedha iliyo katika akaunti fulani ni ya wote hao. Wasiojua kuandika walipaka wino wa kalamu kwenye kidole gumba wakabandika. Muuza vitenge alitia sahihi mwisho, kwa herufi kubwa, akataka nakala yake. Alikwenda foleni alfajiri, na fedha yote ilirudi kwa noti mpya.

Zile siku kumi zilifichua siri za mji mzima. Kuna wanawake waliokuwa na akiba chini ya godoro, ndani ya debe la mchele, kwenye pindo la kitenge kisichovaliwa. Ghafla ikabidi wachague: wamwambie mume, wamtafute mtu wa kuwapelekea kwa malipo, au wapoteze. Jirani yetu mmoja alisimama langoni pangu jioni nzima akijifanya ananisalimia, na macho yake yako uani, akitaka kujua mkewe amehesabiwa ngapi. Nilimwambia mimi ni mleta viti.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu wanawake wale wa mkekani waliijua sheria vizuri kuliko nilivyoijua mimi. Waliandikiana wakiwa bado wanapendana. Kwa watoto tunaowalea, kulifanya hilo ni kugumu zaidi.

Hapa Bujumbura ni vigumu kupata nyumba isiyo na mtoto wa mtu mwingine. Vita vilivyoanza baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993 vilitawanya watoto kila upande, na mitaa mingi ya mji ikagawanyika. Buyenzi ilibaki mahali pa mchanganyiko, na walioletwa kwetu usiku walikuwa wa kila kabila. Baadaye yakaja maradhi. Mwishoni mwa mwaka 2000 na mwanzoni mwa 2001 malaria ilipanda milimani, kwa watu wasioizoea, na katika nchi ndogo kama hii wagonjwa walihesabiwa kwa mamilioni. Kayanza ilipigwa sana. Mdogo wa mke wangu alikuwa ameolewa huko na mfanyabiashara. Alifariki akaacha binti wa miaka miwili.

Mtoto huyo alikuja kwetu, na hilo halikuhitaji mjadala: mama mkubwa ni mama. Lililozua mjadala ni baba mkwe wangu kutoa kalamu matangani. Alikuwa karani wa kiwanda cha kahawa, mtu aliyeandika hata idadi ya mayai. Aliwaketisha watu wa pande zote mbili akasema mtoto hatoki hapa bila maandishi. Walimwona amekosa moyo. Shemeji yangu, baba wa mtoto, alilia. Mzee akasubiri amalize kulia, kisha akamsogezea karatasi. Iliandikwa kwamba binti anabaki na jina na nasaba ya baba yake. Kwamba chakula, shule na matibabu ni juu ya mama mkubwa na mumewe. Kwamba baba atamtembelea atakapo. Na kwamba hakuna atakayemhamisha bila kikao cha pande zote mbili. Mashahidi wakatia sahihi, tukaipeleka ikapigwa muhuri.

Watu huniuliza kama yule ni mtoto wa kuasili. Hapana. Sheria ya Burundi ya mwaka 1999 inaruhusu kuasili kwa namna mbili: moja hukata uhusiano wa mtoto na ukoo wake wa kuzaliwa, nyingine huuacha. Zote hupitia mahakamani. Wageni wanaotaka kuchukua mtoto wa Kirundi hufuata pia mkataba wa The Hague ambao Burundi iliingia mwaka 1998. Lakini sisi Waislamu nasaba ya mtoto hatuibadilishi. Tangu kisa cha Zaid bin Haritha, aliyelelewa na Mtume, mlelewa huitwa kwa jina la baba yake mzazi, na kulea kwenyewe kunabaki kuwa ibada kubwa. Wakristo nao, wasio na katazo hilo, mara nyingi hawafiki mahakamani. Wanalea tu. Na kwa kuwa kwa Warundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuitwa Niyonkuru, Irakoze na Ndayisenga, mgeni hawezi kujua kwa majina nani amezaliwa ndani ya nyumba na nani ameletwa. Inapendeza. Ndiyo maana watu hujisahau.

Kwanza huamka serikali. Mkuu wa mtaa hulikagua daftari la nyumba, lile linaloorodhesha kila anayelala humo, na kuuliza huyu ni nani kwenu. Kisha shule inataka cheti cha kuzaliwa. Mtoto ambaye hakuandikishwa katika siku 15 za kwanza, na ambaye mama yake alifariki na baba hajulikani aliko, huanza safari ya mahakama ya makazi, mashahidi na mihuri, safari ambayo mlezi asiye na maandishi huifanya kama mtu anayejaribu kuthibitisha kuwa si mwizi.

Lakini serikali hubembelezeka. Ukoo ni mgumu zaidi. Mtaa wa pili kutoka kwetu kulikuwa na mume na mke wasiojaliwa mtoto. Walilea mvulana tangu anatambaa. Alimwita yule bwana baba, na kijana huyo ndiye aliyemwogesha bwana alipopooza. Bwana alipofariki ndugu zake walikuja kutoka mlimani. Burundi haina sheria iliyoandikwa ya mirathi. Rasimu imezungumziwa tangu miaka ya 2000 na imebaki rasimu, hivyo desturi ndiyo inayoamua, na desturi hupitisha mali kwa wanaume wa damu. Ndiyo desturi ile ile inayompa binti wa kuzaliwa fungu dogo tu, igiseke, na kaka zake shamba. Kijana aliulizwa ana uhusiano gani na marehemu. Mtaa mzima ulikuwa na jibu, na mtaa mzima haukuwa na karatasi. Mjane alibaki na vyumba viwili kwa sababu alikuwa na cheti cha komine. Kijana aliondoka na godoro na vyeti vyake vya shule. Yule bwana angeweza kumwachia chumba kwa wasia, au kumpa angali hai, na alikuwa amesema mara nyingi kwamba atafanya hivyo. Niliwahi kumsikia kwa masikio yangu.

Binti yetu alichumbiwa mwaka 2022. Mshenga alipokuja, mimi niliyezoea kusimama nilitakiwa kuketi, maana siwezi kuwa msemaji wa nyumba yangu. Ilikuwa adhabu. Nilimtazama mwenzangu akikosea methali na sikuweza kumrekebisha.

Kisha akafika ami yake binti kutoka Kayanza, mdogo wa baba yake, mtu ambaye kwa miaka yote hiyo tulimwona kwenye misiba. Alivaa vizuri. Alisubiri mpaka ng'ombe watajwe, akasema: "Ng'ombe hurudi kwenye zizi la baba."

Kidesturi alikuwa sahihi, na nitakuwa mwongo nikisema hapana. Walii katika ndoa ni baba mzazi, hilo wala hatukulibishia. Shemeji yangu mwenyewe ndiye aliyeozesha, na nilifurahi kumwona. Ila bahasha. Mke wangu hakusema. Aliingia ndani akatoka na ile karatasi ya mwaka 2001, imefungwa kwenye nailoni, akampa mzee mmoja wa Kirundi aliyekuwa upande wa wakwe, mtu baki. Mzee aliisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, mpaka kwenye chakula, shule na matibabu. Akavua miwani.

"Aliyelea ana indezo yake," akasema.

Indezo ni haki ya aliyelea. Mrundi yeyote mzima anaijua, na ami yule hakuwa na pa kushika. Wakakaa kando kwa muda. Ng'ombe watatu wakaenda Kayanza, mmoja akabaki Buyenzi. Watu walitarajia mke wangu aikatae bahasha yake kwa heshima, aseme kulea si biashara, akina mama wapige vigelegele. Aliipokea, akaifungua, akaihesabu mbele yao noti kwa noti. Kisha akamshukuru ami na kumpakulia pilau.

Usiku nilimuuliza kama hakuona haya. Akasema binti alikuwa na pumu utotoni, na dawa hazikununuliwa kwa haya.

Sasa kuna wimbi jingine la watoto wanaoachwa kwa walezi. Mwaka 2021 Burundi na Saudi Arabia zilikubaliana kuhusu wafanyakazi wa majumbani, na tangu hapo mitaa yetu imekuwa ikiwasindikiza wasichana na wanawake uwanja wa ndege. Wanakwenda wakiwa mama. Watoto wanabaki kwa bibi, kwa mama mkubwa, kwa jirani mwema. Fedha inakuja kupitia Lumicash ya shangazi fulani, na baada ya miezi michache mama anasikia kwenye simu kwamba mtoto havai viatu, shangazi anasema pesa iliishia hospitali, na wanaacha kuongea. Mtoto yuko katikati, hana baba wa kumtetea wala mtu mwenye haki ya kutia sahihi shuleni. Wanaotaka msaada wa sheria nawaelekeza kwa Chama cha Wanawake Wanasheria wa Burundi, AFJB, ambacho kimesaidia wengi katika mambo ya ndoa, watoto na mirathi. Wengine wanaishia kibarazani kwangu.

Mwezi uliopita alikuja mpwa wangu, tiketi mkononi, na mtoto wake wa kiume wa miaka minne akivuta kamba ya viatu vyangu. Anamwacha kwetu. Nilipotoa daftari alinitazama kwa huzuni.

"Mjomba, huniamini?"

Mke wangu akamjibu kabla yangu: "Tunakuamini. Andika."

Tukaandika: atatuma kiasi gani na kwa namba ya nani, nani atatia sahihi shuleni na hospitalini, mtoto akiugua sana nani apigiwe kwanza, na asipotuma miezi mitatu mfululizo, kikao kiitwe kabla ya lawama. Alisoma yote polepole. Kisha akaomba kalamu, akataka kuongeza la kwake: mtoto asinyolewe nywele bila yeye kuambiwa. Bibi za mtoto wakacheka sana, mmoja akasema hilo si jambo la kupigia muhuri. Mpwa wangu hakucheka. Kwa hiyo tuliliandika, mstari wa tano, na karani wa komine alipoufikia aliinua macho akanitazama, nikamwambia apige muhuri tu.